Kola ya Shangazi Mizani

Mtaani kwao, mwanamume aliyetaka shati la kwendea ukweni alielekezwa kwa Fundi, ingawa nyumba ya tatu kutoka kwake palikuwa na mshonaji mwingine mwenye cherehani mpya na bei ya chini. Sababu ilikuwa kola. Kola za Fundi hazikulala kama masikio ya mbwa mgonjwa, wala hazikusimama kama ubao. Zilikaa shingoni zikatulia. Mtu akimuuliza siri yake, alinyoosha kidole kwenye msumari juu ya cherehani, palipotundikwa vipande vya karatasi ngumu: cha kola, cha kisimamo chake, ule ukanda unaoibeba, cha mfuko wa kifuani na cha mwisho wa mkono.

"Siri ni kipande," angesema. "Karatasi laini hukudanganya kila unapochora. Hii haijawahi kunidanganya."

Aliyasema hayo kwa zaidi ya miaka minne, tena kwa kujidai, mbele za watu. Alipokuja kuyakumbuka baadaye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Karatasi ilikuwa ya shangazi yake. Shangazi huyo, dada wa marehemu baba, alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha saruji kwa miaka thelathini na mmoja. Lori lilipanda kwenye bamba la chuma, naye ndani ya kibanda chenye dirisha la kiganja alisoma uzito, akaandika, akagonga muhuri. Madereva walimwita Mizani, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Walimbembeleza, walimtania, na mmoja alimposa pale pale dirishani ili afumbie macho kilo mia mbili. Mizani alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "Teremka kwanza kwenye lori. Nani kakwambia mizigo iliyozidi ni ya nyuma tu?"

Hakuolewa, hakuzaa. Aliwasomesha watoto watatu wa kaka yake. Mkubwa alikuwa wa kiume, na kwa kuwa hakuna kikao alichowahi kuhudhuria asikiongoze, walimwita Mwenyekiti. Wa kati, wa kike, ndiye Fundi. Wa mwisho, wa kike pia, mtu mzima mwenye watoto wawili, aliitwa Kitinda mpaka leo.

Basi msimu mmoja wa mvua, Shangazi alikuja dukani kwa Fundi na bahasha ya kaki kwapani, ameifunika kwa mfuko wa plastiki.

"Kwangu kunavuja, mwanangu. Nitunzie hizi mpaka mwenye nyumba azibe bati."

"Weka hapo chini ya meza, Shangazi, na karatasi zangu."

Aliiweka. Fundi hakuinua hata kichwa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na alikuwa na mashati mia na ushee ya wanafunzi. Kabla wiki haijaisha kipande chake cha zamani cha kola kilichanika, na karatasi ngumu ilikuwa imemwishia. Aliinama chini ya meza, akapapasa, mkono ukaingia kwenye bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili nene, nzito kama ngozi, zenye maua ya kijani pembeni na muhuri mwekundu. Aliona jina la shangazi yake limepigwa chapa katikati. Aliona jina la kiwanda. Akajiambia ni yale makaratasi ya wazee, wanayoyaficha chini ya godoro mpaka yanaliwa na panya. Akazigeuza upande mweupe, akachora, akakata.

Mvua zilipokatika, Shangazi alirudi kuchukua bahasha yake. Aliipima kwa mkono, hata hakuifungua. Mtu aliyekaa mizanini miaka thelathini na mmoja hujua kitu kilichopungua. Halafu akainua macho, akaiona kola msumarini, nusu ya muhuri mwekundu ukutani kama jicho. Aliitungua. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya namba ngapi?"

"Kumi na tano na nusu, Shangazi. Hiyo usiichezee, ndiyo inayotulisha."

"Inakaa vizuri?"

"Inakaa kama mtu kazaliwa nayo."

"Basi," alisema Shangazi, akairudisha msumarini taratibu, akaisawazisha isining'inie upande. Aliaga, akaenda zake na bahasha tupu.

Fundi aliona kitu hakikukaa sawa, lakini alikuwa na pini mdomoni na vishikizo vya watu kumi vya kukamilisha. Akaliacha lipite.

* * *

Miaka minne baadaye Shangazi aliugua, akalala miezi saba, akafa. Katika miezi hiyo saba Mwenyekiti alikwenda kumwona mara nne, na mara zote nne alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Kitinda alituma salamu na matunda. Fundi alikwenda Jumapili, akishindwa Jumapili hii akasema ijayo. Aliyembeba Shangazi, akamwosha, akamgeuza, akamlisha, alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa makamo aliyefua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima. Jina lake watu walikwisha kulisahau. Aliitwa Dobi.

Ndugu watatu walizungusha bahasha ya michango kwa majirani ili wapate cha kumzikia. Wiki mbili baada ya mazishi, walipokuwa wakisafisha chumba, wakakuta bati la biskuti lenye stakabadhi za maisha mazima, zimepangwa kwa mwaka na kufungwa kwa mpira. Juu kabisa palikuwa na barua kutoka ofisi ya msajili wa hisa ikimjulisha gawio lake la mwaka ule. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akakaa kitandani pa marehemu.

"Shangazi alikuwa na hisa," alisema. "Za kiwanda. Na sisi tumezungusha bahasha kama watoto yatima."

"Alizipata wapi?" aliuliza Kitinda.

"Hapa wameandika. Kiwanda kilipouza hisa kwa wafanyakazi, wakawakata mshahara kidogo kidogo. Wenzake walikimbilia kuuza wakanywe. Yeye kakaa nazo kimya."

Wote watatu walikwenda kwa msajili, ghorofa ya pili, ofisi yenye feni inayolalamika. Karani wa masjala, kijana mpole mwenye wino kidoleni, aliwaletea faili.

"Poleni sana. Kudai si kugumu," alisema. "Mnakwenda mahakamani, anateuliwa msimamizi wa mirathi, mnaniletea barua ya mahakama na cheti cha kifo. Tunazihamisha kwenda kwa warithi. Mkitaka kuuza, mnatafuta dalali wa hisa."

"Na hati zenyewe?" Mwenyekiti aliuliza. "Kwenye bati hatukuziona."

"Hizo zilishapotea, mzee. Msihangaike. Zamani watu walipewa karatasi kama hizi." Akawaonyesha mfano uliobandikwa kwenye ubao: maua ya kijani pembeni, muhuri mwekundu chini. "Marehemu aliapa mbele ya wakili kwamba zimempotea, hisa zikaingizwa kwenye kompyuta."

Fundi alishika ukingo wa meza. Jasho lilimtoka mgongoni ingawa feni ilikuwa kichwani pake.

Mwenyekiti alikuwa anasoma kiapo. "'Niliziweka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mahali ambapo sasa sipakumbuki.'"

"Shangazi?" alisema Kitinda. "Asikumbuke? Yule aliyekuwa anakumbuka hadi siku niliyong'oka jino?"

"Uzee, mdogo wangu. Uzee hauna mizani."

Walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Fundi aliinama kuitazama tarehe. Ilikuwa siku nne baada ya mvua kukatika, siku nne baada ya Shangazi kusawazisha kola msumarini. Mwanamke ambaye hakuwahi kumfichia dereva kilo moja alikuwa amekwenda kwa wakili, akainua mkono, akaapa uongo. Na alijipakazia mwenyewe.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Karani akafunga faili, wakashuka ngazi. Siku iliyofuata alikuwa na mashati kumi na manne ya kwaya, na hakuwa na kipande kingine cha kola. Alikitungua kile kile, akakitandaza juu ya kitambaa, muhuri ukiwa chini asiuone, akachora.

* * *

Barua nyingine ililetwa na Dobi mwenyewe. Alikuja nayo nyumbani kwa Mwenyekiti, imefungwa kwa muhuri wa wakili yule yule, akaikabidhi kwa mikono miwili, akasema aliambiwa ailete arobaini ikipita. Hakukaa. Alisema ana pasi ya makaa inamsubiri.

Ulikuwa wosia, nusu ukurasa tu. Vyombo vyake vigawiwe majirani. Hisa zake nusu apewe Dobi, nusu wagawane watoto watatu wa kaka yake, sawa kwa sawa. Chini pana sahihi yake iliyonyooka na sahihi za mashahidi wawili.

"Nusu," alisema Mwenyekiti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. "Kwa mfua nguo."

"Alimuuguza," alisema Kitinda kwa sauti ndogo.

"Muuguzi hulipwa. Tumlipe, nani kakataa? Lakini nusu?" Akageuza karatasi. "Na tazameni tarehe. Miaka minne baada ya kile kiapo, akiwa kitandani. Mtu kaapa mwenyewe kwamba hakumbuki alipoweka mali yake, halafu baada ya miaka minne anaandika wosia? Kwa akili ipi? Fundi, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye, unasemaje? Alikuwa na kumbukumbu?"

Fundi alitazama zulia. Mtoto wake alikuwa chuoni, kodi ya duka ilikuwa imepanda, na theluthi ya mali yote na theluthi ya nusu ni vitu viwili tofauti. Hata asiyejua hesabu huliona hilo. Lakini si hayo yaliyomfunga mdomo, au si hayo peke yake. Alijiona akisimama sebuleni kwa kaka yake na kusema kwamba hati zimo dukani, zimegeuzwa kola. Alikisikia kicheko. Aliona jinsi ambavyo kuanzia siku ile, kila harusi na kila msiba, lingekuwa ndilo jina lake.

"Alikuwa anasahausahau," alisema.

Mwenyekiti aliandika muhtasari wa kikao kwa mwandiko wake wa kukoleza: familia imeridhia kwa kauli moja kwamba marehemu alipoandika wosia alikuwa amekwisha kupoteza kumbukumbu, kama kiapo chake kinavyothibitisha. Kitinda alisaini akiwa analia. Fundi alisaini haraka, kama mtu anayeondoa pasi kwenye kitambaa kilichoanza kuungua.

Mwenyekiti aliupeleka muhtasari mahakamani kuupinga wosia. Siku mbili kabla ya kesi, Dobi alikuja dukani na gauni mkononi. Lilikuwa la Shangazi, lile la kijivu la kazini lenye mifuko miwili mikubwa.

"Alinipa akiwa hai," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Nipunguzie kiunoni, mwanangu. Nilivae Jumatano."

Fundi alizungusha utepe kiunoni mwake, akasoma, akazungusha tena. "Umepungua, mama."

"Kumgeuza mtu kitandani miezi saba si lelemama. Naye alikuwa na mifupa mizito yule, utadhani kajaza saruji." Dobi alicheka, kisha macho yake yakapanda ukutani, yakakaa kwenye msumari. "Bado unaitumia."

"Nini?"

"Kola."

"Bado."

"Inapigika pasi vizuri. Mimi ndiye ninayezipiga pasi, najua. Za yule wa nyumba ya tatu zinakunja ndita hata uzimwagie maji ya ndoo nzima." Aliketi kwenye stuli ya wateja. "Jumatano nimeitwa mahakamani. Sijui hata nikaseme nini."

"Useme unachokijua, mama."

"Ninachokijua si cha kusema," Dobi alijibu, akasimama, akajikung'uta. "Nitalipitia kesho jioni. Usininyonge kiunoni, nitakula siku moja."

Fundi alibaki na gauni mapajani. Alifumua mshono wa ubavuni, mshono alioushona mwenyewe miaka mingi nyuma, alipokuwa bado anajifunza, mbaya, uliopinda. Shangazi alikuwa amelivaa hivyo hivyo kila siku kwenda kazini, mshono umepinda, na hakuwahi kulirudisha.

* * *

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi matano na dirisha moja lisilofungika. Hakimu, mwanamke mnene mwenye mafua, alisoma wosia, akasoma kiapo, akasoma muhtasari wa familia, akapenga kamasi.

"Kwa hiyo familia inasema marehemu hakuwa na kumbukumbu timamu."

"Ndivyo, mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. "Kwa kauli moja."

"Mama, wewe uliyetajwa kwenye wosia. Unapinga?"

Dobi alisimama ndani ya gauni la kijivu. Mikono yake, iliyochanikachanika kwa sabuni, ilikuwa ndani ya mifuko. "Sina la kusema, mheshimiwa."

"Uliishi naye ukuta kwa ukuta. Alikuwa anasahau?"

Dobi hakumtazama Fundi, aliangalia dirishani kwa bidii, kama mtu anayehesabu ndege.

"Sina la kusema," alirudia.

Hakimu alichukua kalamu. Fundi aliitazama kalamu ile ikishuka. Kichwani hakuwa na hotuba, hakuwa na ujasiri, alikuwa na kitu kimoja tu: gauni lile lilikuwa limekaa vizuri kiunoni, na Dobi angetoka nalo pale akiwa amenyang'anywa nusu yake.

"Mheshimiwa," alisema. "Hati hazikupotea."

"Kaa chini, Fundi," alinong'ona Mwenyekiti. "Hujaitwa."

"Unazo wewe mwenyewe?" hakimu aliuliza.

Fundi alifungua mkoba. Alikuwa ameviweka humo asubuhi bila kujiambia kwa nini. Akavipanga mezani kwa karani wa mahakama kimoja kimoja: kola, kisimamo, mfuko, mwisho wa mkono. Akavigeuza upande wenye chapa. Maua ya kijani yalikutana na maua ya kijani, nusu muhuri ikakutana na nusu muhuri.

Hakimu aliinuka kwenye kiti chake ili aone. "Hii ni nini?"

"Kola, mheshimiwa."

Benchi la nyuma mtu alianza kucheka, mwingine akamfuata, na kikapita kile kicheko alichokisikia sebuleni kwa kaka yake kabla hakijatokea. Kilikuwa kile kile. Masikio yalimwaka moto.

"Nani aliyekata?"

"Mimi. Aliniletea nimtunzie. Nikaishiwa karatasi."

"Hukujua ni nini?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, sikujua. Ungekuwa uongo mdogo, na mlango ulikuwa wazi.

"Nilisoma jina lake," alisema Fundi.

"Ukasoma jina lake."

"Nikasoma, nikakata. Nilidhani kitu cha mzee hakina kazi." Alishika ukingo wa meza, kama alivyoshika ule wa masjala. "Alikuja akaviona ukutani. Hakusema. Alikwenda kuapa kwamba yeye ndiye kasahau, ili nisijulikane. Hakusahau kitu maisha yake yote, mheshimiwa. Muhtasari huu ni wa uongo, na mimi nimeusaini nikijua."

Hakimu alimtazama kwa muda, pua nyekundu, macho hayana huruma wala hayana hasira. "Karani," alisema hatimaye, "pokea hivi vipande kama kielelezo. Andika idadi. Na wewe mshonaji, utaandika maelezo yako kwa mkono wako, yote, kama ulivyosema. Ukipunguza neno nitakuita tena."

Wosia ukabaki halali.

Nje, kwenye ngazi, Mwenyekiti alimpita bila kugeuka, kisha akageuka. "Umetuuza, Fundi. Kwa kola. Angalau ungekata suruali, tukajua kitambaa kingi kimepotea." Alishuka, na Kitinda akamfuata, lakini alipofika chini alirudi mbio, akamshika Fundi mkono, akauminya, akaondoka bila neno. Mwenyekiti hakuongea na Fundi mpaka siku ya dalali.

Dobi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anasubiri.

"Ulijua," alisema Fundi.

"Nilijua. Alirudi siku ileile akakaa kitandani anacheka mpaka anakohoa. Akasema, mtoto kanigeuza kola. Halafu akaacha kucheka."

"Mbona hukusema? Ungepoteza kila kitu."

"Alinifunga mdomo. Alisema msimu wa shule ndio huu, wewe ukijua utashindwa kukata, na kodi ya duka haijalipwa." Dobi alijinyoosha mgongo. "Nami ningesemaje, mwanangu? Niliyefungwa mdomo na mtu aliye kaburini, nimwombe ruhusa nani?"

Fundi alikaa kando yake. Alitaka kulia, lakini machozi yalikataa. Haya ilikuwa imeziba njia yote.

* * *

Kwa dalali wa hisa walikwenda wote wanne. Alikuwa kijana wa tai na kompyuta mbili, mwenye haraka ya kupendeza. Aliwaeleza bei ya siku ile, kamisheni yake, na siku ambazo fedha zingechukua kuingia. Mwenyekiti aliuza zake zote kabla kijana hajamaliza sentensi. Kitinda aliuza nusu. Ilipofika zamu ya Fundi, aliegemea mezani akasema kwa sauti ya chini, "Za kwangu zihamishie kwa huyu mama."

"Inawezekana," alisema dalali. "Kuna fomu ya zawadi."

"Hakuna fomu," alisema Dobi.

"Mama, tafadhali."

"Usinilipe, Fundi. Sikukudai. Ukinilipa utakwenda nyumbani umejisikia vizuri, nami nibaki na mzigo wako." Akamgeukia dalali. "Za kwangu ziache hapo hapo zilipo."

"Lakini mama, leo bei imepanda, huenda wiki ijayo..."

"Zimekaa miaka yote hiyo, leo ndiyo zikose pa kukaa? Ziache. Ila kuna karatasi? Ya kuweka ndani ya bati."

"Siku hizi hakuna karatasi, mama. Zote zimo humu." Kijana aligonga skrini kwa ukucha.

Dobi aliitazama ile skrini kwa mashaka. "Afadhali," alisema. "Humo hakuna wa kuzikata."

Hata Mwenyekiti alicheka. Fundi naye alijaribu, mdomo ukakataa kufunguka. Aliuza zake, akalipa ada ya chuo na kodi ya duka, na kila alipotoa noti mkononi aliona kama inamtazama.

Vipande havikurudishwa. Kielelezo ni kielelezo. Vilibaki ndani ya faili la mahakama vimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Fundi alikata vingine kwenye jalada la daftari kubwa, kisha kwenye kalenda, kisha kwenye boksi la viatu. Alipima na kupima, alikata na kurudia. Namba ilikuwa ile ile na mkono ulikuwa ule ule, lakini kola ilipinda kidogo upande wa kushoto, na Dobi alipopiga pasi shati la kwanza alilirudisha bila kusema kitu, akaliweka mezani tu.

Mwezi wa pili alikuja mwalimu, mteja wa siku nyingi, kuchukua shati lake. Alilivaa mbele ya kioo, akageuza shingo huku na huku kama jogoo.

"Fundi, hii kola si ile."

"Si ile."

"Ile nzuri imekwenda wapi?"

"Iko mahakamani."

Mwalimu alitabasamu, akangoja utani umalizike. Haukumalizika. Nje mtu alikuwa anapita akimwita mwenzake, na cherehani ya nyumba ya tatu ilisikika ikikimbia. Mwalimu alikuwa mteja wa kumi na moja kuuliza, na wale kumi wote Fundi alikuwa amewaeleza, wengine walicheka, wengine walinyamaza, mmoja hakurudi tena.

Aliutoa mguu kwenye pedali, akamsogezea mwalimu stuli.

"Kaa," alisema. "Kulikuwa na mvua, na Shangazi yangu akaniletea bahasha ya kaki."